Bahasha Saba Tupu

Sajini Herminio Lapeña alizipanga bahasha saba juu ya meza, akazipanua midomo na kuzichungulia moja baada ya nyingine. Kisha akazigeuza na kuzikung'uta. Hakikuanguka kitu isipokuwa vumbi.

"Nilishazikung'uta mimi," alisema Empar Monllor. "Akazikung'uta Don Leandro. Akaja padri naye akazikung'uta."

"Na sasa nimezikung'uta mimi."

Walikuwa katika chumba cha nyuma cha shule ya muziki ya Bendi Kuukuu ya Benimurta. Ilikuwa Machi ya mwaka 1958, Kwaresima ikiwa imefika katikati. Ukuta mzima ulifunikwa na kabati la mbao lenye vyumba vidogo vidogo, na ndani yake mlikuwa na nota zote za bendi na za wanafunzi, wimbo kwa wimbo, chombo kwa chombo. Empar alikuwa mwalimu wa nota na mtunzaji wa kabati hilo. Tangu wiki iliyopita alikuwa amekatazwa kufanya vyote viwili.

"Nionyeshe tangu mwanzo," alisema Sajini. "Mimi ni mwanafunzi, nimekuja kuazima."

"Wewe ni mwanafunzi?"

"Ndiyo."

"Basi futa pua kwanza, na usiguse kitu."

Sajini hakucheka, lakini aliiondoa mikono yake mezani. Empar akatoa bahasha kabatini. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya nota, na nje ilibanwa kadi. Mwazimaji anatia sahihi kwenye kadi, anaondoka na karatasi, na bahasha inarudi mahali pake ikiwa tupu. Ukikuta bahasha tupu, unasoma kadi, unajua nota iko nyumba gani. Hapakuwa na zaidi ya hapo.

"Na kabla yako?"

"Kabla yangu kulikuwa na ufunguo mmoja, nao ulikaa mfukoni mwa Don Leandro. Nota zilitoka wakati wa mazoezi, zikagawiwa kama mkate wa msiba, zikarudi zimechanika. Hakuna aliyeruhusiwa kwenda na karatasi nyumbani. Watoto walijifunza kwa kukisia." Aliirudisha bahasha. "Nilisema kila mtu awe na karatasi yake, atie sahihi yake, akafanye mazoezi kwake. Tangu tuanze haujapotea hata wimbo wa chekechea."

"Isipokuwa hizi."

"Isipokuwa hizo."

Hizo zilikuwa sehemu saba za Maandamano ya Ijumaa, muziki ambao marehemu maestro Albinyana aliuandikia mji huu, na ambao Bendi Kuukuu huupiga mara moja tu kwa mwaka, Ijumaa Kuu, nyuma ya jeneza lenye sanamu ya Kristo. Haukupata kuchapishwa. Kitabu chenye sauti zote pamoja kilikuwa kwa binti wa maestro, mjini Valencia, katika nyumba ya chini karibu na mto. Gharika ya Oktoba ikaingia humo ikatoka na kila kitu. Zikabaki karatasi za wapigaji, moja kwa kila chombo.

Kisha ikaja homa ya mafua. Ilipita katika bendi kama mchumaji anavyopita shambani mwa michungwa, ikianza na yaliyoiva. Wapigaji saba wakongwe walizikwa majira hayo ya baridi, na kadi za bahasha saba zilikuwa na sahihi zao. Empar alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba nota zirudi. Kila mjane aliapa kwamba hana kitu cha shule.

Don Leandro Sarrió, mwenye kiwanda cha mablanketi na mwenyekiti wa bendi, alikuwa na maelezo mepesi. Wajane hawasemi uongo. Kwa hiyo Empar alizichukua mwenyewe, akaziuza kwa Bendi Mpya, ng'ambo ya uwanja. Alipeleka mashtaka kwa maandishi, na hakimu wa wilaya alitaka faili Jumatatu. Jina la Monllor halikuwa geni mahakamani: baba yake alikuwa upande ulioshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akafia gerezani. Faili ikifika bila jibu lingine, hakimu asingehangaika kulitafuta.

Sajini alitoka Soria, nchi ya mawe na kondoo. Alikuwa ameishi Benimurta miaka mingi bila kujifunza tofauti ya nota mbili. Katika kesi hii aliona hilo ni faida.

*

Maestro wa Bendi Mpya, Gonçal Vidagany, alikuwa baa akimenya karanga.

"Afande! Umekuja kujiunga nasi? Nafasi ya ngoma kubwa iko wazi. Haihitaji akili."

"Nina swali."

"Bora. Kwa kuwa ngoma kubwa inahitaji angalau masikio."

"Ulinunua nota za Ijumaa kutoka kwa Mwalimu Empar?"

Vidagany alisukuma maganda ya karanga pembeni kwa kiganja. "Nikwambie ukweli? Angeniletea, ningenunua. Kwa muziki ule ningeuza hata mama mkwe, na usafiri juu yangu. Lakini hebu nitajie zilizopotea."

Sajini akasoma. Klarineti ya kwanza. Bombardino. Tarumbeta la kwanza. Klarineti ya tatu. Tromboni ya pili. Saksafoni ya juu. Matoazi.

"Matoazi!" Vidagany alipiga meza. "Sikia, bwana. Mtu anaiba kiatu cha kushoto, mkono mmoja wa shati, na nusu ya miwani. Utamwita mwizi? Mimi namwita punda. Vipande saba vya aina hiyo huwezi kumpigia hata mbuzi akakaa. Na yule mwanamke alikuwa na ufunguo! Angetaka kuuza angebeba zote kwa kikapu kimoja, juu akaweka vitunguu."

"Pengine alianza na saba."

"Basi angeanza na zinazoimba. Nani anaanza na matoazi?"

Hoja ilikuwa nzuri. Hata hivyo Sajini alipekua makabati ya Bendi Mpya, na nyumba ya Vidagany, na jukwaa la zamani la sinema walikohifadhi sare, kwa sababu hoja nzuri si upekuzi. Hakupata kitu. Alirudi kwa Empar akiwa na swali moja tu.

"Mwizi hakuchagua vyombo. Kifo ndicho kilichochagua. Je, kuna mpigaji aliyekufa akiwa na nota nyumbani, na nota ikarudi?"

Empar alifikiri. "Wawili. Mwaka jana, majira ya kuchipua. Wa pembe, na wa klarineti ya pili."

"Uliwafuata wajane?"

"Sikuhitaji. Nota zililetwa hapa kesho yake ya mazishi. Zote mbili."

"Na nani?"

"Mjomba Batiste, mnakili wa bendi. Alinipa mkononi. Nakumbuka nilimgombeza kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vimejaa wino."

Sajini akavaa kofia. "Na za hawa saba, kwa nini hakuzileta?"

"Mimi nitajuaje? Hajatoka ndani tangu Agosti. Amepooza."

*

Batiste Torró aliketi kando ya dirisha, blanketi magotini. Mkono wake wa kulia ulilala juu ya blanketi kama kitu kilichosahauliwa na mgeni.

"Keti, Afande. Usiniulize hali, nitakujibu."

"Mwaka jana ulirudisha nota za marehemu wawili. Ulizitoa wapi?"

"Nyumbani kwao. Zilikuwa wapi tena?"

"Ulikwenda kufanya nini nyumbani kwao?"

"Wewe si mtu wa hapa."

"Sijawahi kudai hivyo."

"Hata yule binti si wa hapa. Ametoka Sueca, kwenye mpunga. Mambo haya hatuyasemi, ndiyo maana hamyajui." Alilainisha midomo. "Mtu wa Bendi Kuukuu haendi mikono mitupu. Anazikwa na Ijumaa yake. Sehemu yake, ile aliyokuwa akiipiga. Inawekwa chini ya mikono."

"Karatasi yenyewe?"

"Una wazimu? Nakala! Mtu akikata roho, nakwenda jioni ileile. Naketi jikoni, nanakili. Nakala naiacha karibu na maiti, yenyewe naondoka nayo. Sisemi neno, wala hawaniulizi. Mjane akiikuta karatasi, anajua bendi imeshapita kumuaga. Anaiweka anapojua. Basi."

"Mjane anaweza kuitofautisha nakala na yenyewe?"

"Zote ni mkono wangu. Mimi ndiye niliyeziandika zote."

"Na tangu Agosti?"

Batiste alishika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauinua, akauachia. Ulianguka juu ya paja kwa kishindo kidogo.

"Nani ananakili badala yako?"

"Hakuna. Nilimwambia Don Leandro aandaliwe mwingine. Akasema tutaona. Homa ilipoanza kuua nikamtumia ujumbe tena. Akasema tutaona." Mzee alikunja uso. "Angefanya nini? Nani aende kumwambia mjane kwamba mumewe atakwenda mikono mitupu?"

"Je, walikwenda mikono mitupu?"

"Sijui. Sijasikia malalamiko." Akaanza kusema kitu kingine, akakiacha. Sajini alisubiri. Alikuwa amejifunza kwamba shahidi akinyamaza hivyo, askari mwenye busara hakohoi.

"Zamani," Batiste alisema polepole, "nota zote zilifungiwa kabatini. Nyumbani kwa mpigaji hapakuwa na karatasi kabisa. Ikionekana karatasi ya Ijumaa ndani ya nyumba ya marehemu, ni moja tu. Ni ile niliyoileta mimi." Macho yake yalihama kutoka dirishani. "Sasa kila mmoja alikuwa nayo kwake. Afande. Ziko wapi zile saba?"

"Nakwenda kuuliza."

"Usiulize," mzee alisema. "Ukishauliza utajibiwa."

*

Consol alikuwa mjane wa Quelo, mpigaji wa bombardino, lile tarumbeta nene la sauti nzito, aliyezikwa katikati ya Januari. Alimpokea Sajini mlangoni huku mikono yake ina unga.

"Kama ni zile karatasi za shule, nimeshamwambia mwalimu, nimemwambia Don Leandro, na kwenye kitubio nimemwambia padri. Sina kitu cha mtu."

"Sikuulizi kitu cha shule, Bi Consol. Quelo alizikwa na nini?"

Alishangaa, lakini alijibu bila kusita. "Suti ya harusi, haikufunga kiunoni tukaikata nyuma. Rozari ya mama yake. Na Ijumaa yake."

"Nani aliileta?"

"Bendi. Mjomba Batiste, nani mwingine?"

"Ulimwona?"

"Afande, nilikuwa na homa ya kufa mimi mwenyewe, na nyumba imejaa watu kama sokoni. Nilikwenda kumfungia bombardino lake, nikaikuta Ijumaa ndani ya kasha, imekunjwa vizuri. Nikasema, ee Batiste, umepita na hata kahawa hukunywa." Alitabasamu kidogo.

"Mjomba Batiste amepooza tangu Agosti."

Tabasamu lilibaki usoni pake kwa muda, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa. Kisha akatazama unga mikononi mwake. Hakuwa mjinga; Sajini alimwona akipita hatua zilezile alizopita yeye, ila kwa haraka zaidi.

"Mwalimu alikuja hapa," alisema. "Alisimama palepale uliposimama. Akaniuliza, na mimi nikamfokea."

"Hukusema uongo. Uliulizwa kitu cha shule, na wewe ulijua ile ni ya Quelo."

"Na wenzangu sita?"

"Sijawauliza. Nimekuja kwako kwa sababu Quelo ndiye wa mwisho kuzikwa, na shubaka lake kwenye ukuta wa makaburi liko safu ya juu, kwenye ukavu. Maneno ya mjane aliyekuwa na homa hayatoshi mbele ya mashtaka ya Don Leandro. Naomba idhini yako tufungue."

Bi Consol aliifuta mikono kwenye aproni, kidole kwa kidole.

"Nitakubali. Lakini wale sita wasiambiwe. Uniapie."

"Siapi. Naweza kusema kwamba sitawaita bila sababu."

"Basi usiipate hiyo sababu."

*

Kibali cha hakimu kilikuja Ijumaa. Jumamosi asubuhi walikuwa wanne mbele ya ukuta wa makaburi: Sajini, daktari wa manispaa, mlinzi wa makaburi na Bi Consol, aliyekataa kubaki nyumbani. Mlinzi alikwangua chokaa kuzunguka bamba la marumaru, akalishusha, akavunja matofali. Jeneza likavutwa nje hadi kwenye viegemeo vya mbao.

Daktari alifunga kitambaa puani akafanya kazi kwa koleo refu. Rozari ilikuwapo. Chini ya mikono palikuwa na kitu cha rangi ya chai nzito, kimeshikana na kitambaa cha suti. Daktari alijaribu kukiinua kwa pembe moja. Pembe ikatoka peke yake. Alijaribu kwa kipande cha kioo, akikiingiza chini taratibu kama mtu anayeokoa yai lililopasuka kwenye kikaango. Kilichopanda juu ya kioo kilikuwa uji.

Sajini aliinama karibu. Mahali pamoja, padogo kuliko ukucha, aliona mistari mitano iliyonyooka. Juu ya mistari hapakuwa na nota. Wino ulikuwa umeshahama na kuwa doa.

"Unathibitisha kwamba ni karatasi ya muziki?"

"Nathibitisha," daktari alisema.

"Inasomeka?"

"Hata malaika hawaisomi."

"Na zile sita nyingine?"

"Huyu alikuwa wa mwisho na wa juu. Wengine wana miezi zaidi, na wawili wako safu ya chini, ambako maji ya mvua huingia." Alivua glavu. "Unataka nifungue sita ili nikuletee vikombe sita vya hiki?"

Bi Consol alikuwa amesogea bila kuwaomba ruhusa. Alitazama ndani ya jeneza, si kwenye kioo.

"Kirudisheni," alisema. "Kwake angalau ni Ijumaa."

Mlinzi alimtazama Sajini. Kilikuwa kielelezo, na vielelezo havirudishwi. Sajini aliandika maelezo, daktari akatia sahihi, kisha Sajini akaamuru kirudishwe. Hakikuwa na matumizi mengine.

Don Leandro alipokea taarifa akiwa amesimama katikati ya ofisi yake, kelele za mitambo ya kufumia zikipenya sakafu. Hakuuliza swali hata moja, na Sajini alilizingatia hilo.

"Hivyo hakuna mwizi," alisema mwisho.

"Hakuna."

"Tukiwakusanya waliobaki, hawawezi kuukumbuka?"

"Umeshawauliza mwenyewe. Waliokuwa wanaujua kwa moyo ni wale saba."

"Na hii habari inakwenda wapi?"

"Kwa hakimu. Wewe ulijua bendi imeacha kunakili, Don Leandro. Mzee Batiste alikutumia ujumbe mara mbili. Hilo nalo limo."

Mwenyekiti aligeukia dirisha. "Weka ulitakalo kwenye faili yako. Lakini hapa mjini lisisikike. Mimi nina wafanyakazi wanane kutoka familia hizo. Unataka niwaambie nini, kwamba wameizika Ijumaa Kuu kwa mikono yao?"

*

Jumapili, baada ya misa, Empar alikuja kituoni. Alisoma taarifa yote, akarudia ukurasa wa pili, akaiweka mezani kwa uangalifu.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Imeandikwa hakuna mwizi."

"Nimesoma. Imeandikwa pia kwamba kabla yangu hapakuwa na nota iliyolala nyumbani kwa mtu."

Sajini aliunyoosha ukurasa wa pili kwa kiganja.

"Hakimu atafanya nini?"

"Atafunga faili. Hakuna kosa, hakuna mshtakiwa."

"Na mjini watasikia nini?"

"Kwamba ushahidi haukutosha."

"Yaani niliiba, nikaponyoka."

"Ndivyo watakavyosema. Naweza kuzuia. Nikiisoma hii mbele ya wajane sita na padri, kesho utarudi darasani."

Empar alitazama nje. "Yule wa klarineti ya kwanza, mkewe aliniambia kwamba kila usiku humwombea mwizi apate huruma arudishe. Amewasha mshumaa kanisani. Ukimsomea hii, atazima mshumaa, kisha atafanya nini?"

"Atajua kilichotokea."

"Wewe unadhani hiyo ni zawadi."

"Nadhani ni ukweli. Sina kingine cha kutoa."

"Basi uweke kwenye faili." Alichukua kalamu. "Nionyeshe pa kutia sahihi."

"Mwalimu, ukitia sahihi hapa bila kuomba itangazwe, hutafundisha tena mji huu. Wala mji wa jirani. Habari hutembea kwa basi."

"Najua basi linapita saa ngapi, Afande. Nimelipanda siku zote."

Alitia sahihi kwa mwandiko safi, uliosomeka kila herufi, akaondoka. Sajini alisimama dirishani. Mbele ya duka la mkate kulikuwa na foleni ya wanawake iliyokata uwanja. Walipomwona Empar wakamfungulia njia, pana kuliko inavyohitajika kwa mtu mmoja. Mjane wa klarineti ya kwanza alikuwa miongoni mwao; alishuka ukingo wa njia ili upindo wa sketi yake usimguse. Empar akawaamkia kwa majina, mmoja baada ya mwingine, akapita. Hakuna aliyeitikia. Foleni ikafunga nyuma yake.